Miezi minane na Wordfence: uzoefu wangu baada ya tovuti yetu kudukuliwa

Aliyenishtua ni msomaji mmoja. Aliniandikia: "Ndugu, nikiingia kwenu kwa simu kutoka Google napelekwa kwenye ukurasa wa kamari." Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu, nikaikuta shwari, nikamjibu kwamba huenda simu yake ina tatizo. Jibu hilo nalijutia mpaka leo. Msimbo uliopandikizwa ulikuwa unachagua wa kumpotosha: mtu anayetoka kwenye matokeo ya utafutaji, anayetumia simu, ambaye hajaingia kama msimamizi. Mimi nashinda ndani ya dashibodi, kwa hiyo nisingeona kitu hata mwaka ungepita.

Tovuti yetu inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Jambo la kwanza nililofanya ni kurudisha nakala rudufu ya wiki iliyotangulia, na kamari ikarudi nayo, kwa sababu nakala yenyewe ilishachafuliwa. Hapo ndipo nikasakinisha Wordfence, plagini (programu ya nyongeza) ya usalama ya WordPress, toleo la bure, nikaiacha ikague.

Kilichonifanya niiamini ni namna inavyokagua. Mbali na kutafuta alama za virusi vinavyojulikana, huchukua faili asili za WordPress kutoka hazina rasmi na kuzilinganisha na zako, moja baada ya nyingine. Ukiwasha chaguo lake, hufanya hivyo pia kwa plagini na mandhari (vifurushi vya mwonekano wa tovuti) zilizomo kwenye hazina hiyo, na ninashauri uliwashe. Faili iliyobadilika hata herufi moja inatajwa. Nikabofya nione tofauti katika index.php. Ile ya asili ni fupi sana: maelezo kidogo, kisha mistari miwili inayofanya kazi. Yangu ilikuwa na mstari mmoja mrefu kule juu kabisa, unaoanza na eval na base64_decode, amri za kufumbua na kuendesha msimbo uliofichwa, halafu herufi na tarakimu zilizokorogwa mpaka ukingo wa skrini na kuendelea. Kwenye folda ya uploads, katikati ya picha za makala za zamani, kulikuwa na faili ya PHP, yaani ya msimbo unaoendeshwa na seva, iliyopewa jina la kufanana na za WordPress. Folda ile ni ya picha na nyaraka. PHP haina kazi yoyote mle.

Walipita wapi? Kumbukumbu za seva zilionyesha maombi ya mtandaoni yaliyokuwa yakigonga faili moja ya plagini ya kupakia picha. Plagini hiyo nilikuwa nimeizima miaka miwili kabla, na mtengenezaji wake alishaacha kuishughulikia. Nilidhani kuizima kunatosha. Kumbe ukizima plagini, WordPress huacha kuiita tu. Faili zake zinabaki kwenye seva, na mwenye kujua anwani ya faili yenye kasoro anaweza kuifikia moja kwa moja. Tangu siku hiyo nisichokitumia nakifuta kabisa, mandhari za akiba zikiwemo.

Usafi wenyewe ulichukua siku mbili. Niliweka upya faili zote za WordPress na plagini kutoka chanzo chake, nikafuta akaunti moja ya msimamizi ambayo hakuna kati yetu aliyeifungua, nikabadilisha nywila zote pamoja na ya hifadhidata. Kisha nikabadilisha funguo za siri zilizomo ndani ya faili ya mipangilio, wp-config.php. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowatoa nje wote walioingia, mdukuzi akiwa mmojawapo.

Baada ya hapo ngome ya Wordfence, yaani sehemu inayozuia maombi mabaya, ilianza na wiki moja ya kujifunza mwenendo wa kawaida wa tovuti. Usiiache ijifunze kabla hujasafisha, isije ikazoea uchafu. Ukiboresha mpangilio wake, ngome hutangulia kupakiwa kabla ya WordPress yenyewe, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Upande wa kuingia niliweka kikomo cha majaribio na uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila msimamizi, namba za dharura za kuingilia tukaziandika kwenye karatasi. Mlango wa xmlrpc.php, ambao programu za nje huutumia kuwasiliana na WordPress, nikaufunga kwa kuwa hatuutumii. Ukurasa wa majaribio yaliyozuiwa unafundisha mengi: roboti zinabisha usiku kucha, nyingi zikijaribu jina admin au jina la tovuti yenyewe.

Sasa mipaka yake. Kanuni mpya za ngome humfikia mtumiaji wa bure siku 30 baada ya anayelipia. Muda huo si mdogo hata kidogo. Mnamo Oktoba 2014, Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, ilipotangaza kasoro kubwa katika toleo lake la 7, waendelezaji wake walisema baadaye kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Saa saba! Ndiyo maana kwangu ngome ni ya pili na masasisho ni ya kwanza. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress inakuruhusu kuziacha plagini na mandhari zijisasishe zenyewe, nami nimeziruhusu zote. Pia Wordfence inafanya kazi ndani ya seva yako. Mafuriko ya maombi yatafika kwanza kwenye seva ndipo ikatae, na aliyekwisha kuingia ndani anaweza kuizima. Kwa hiyo nakala rudufu zetu sasa zinakaa mahali pengine kabisa, na tunazihifadhi za miezi mitatu.

Ningekuwa na tovuti inayopokea malipo ningelipia toleo kamili bila kusita. Yetu ni ya makala, nimebaki na la bure na nimeridhika nalo. Na kila Jumatatu, kabla ya kugusa dashibodi, naifungua tovuti kwa simu kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, bila kuingia, kama alivyofanya yule msomaji.