Safari ya familia Arusha hadi Marangu: dereva tunamshukuru, mwongozaji simtaki tena

Nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika ili nisiandike kwa hasira. Kampuni siitaji jina. Ni moja ya hizi za hapa Arusha zinazotangaza safari za siku moja za kujifunza kwa familia za wenyeji: mnapewa Noah, dereva na mwongoza watalii, mnapitia Moshi hadi Marangu, jioni mko nyumbani. Gari lilikuwa safi, walikuja kwa wakati, na bei kwa wakazi ilikuwa ya kueleweka. Kwa hayo nilikuwa nimeshawapa nyota tatu moyoni. Ngoja nieleze mengine.

Kwanza mjue kwa nini tulilipa. Mama mkwe wangu anaishi nasi Njiro tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Kazaliwa na kukulia Old Moshi, kwenye mlima Kilimanjaro. Wanangu wanamjua kama bibi anayekaa barazani na redio yake, wao wako na homuweki, simu na katuni, na wikiendi inapita. Binti yangu yuko darasa la tano, daftari lake la Historia ya Tanzania na Maadili limejaa majina ya watu na vita, lakini hakuwa amewahi kumuuliza bibi yake hata swali moja kuhusu mlima ule. Nikaona dawa ni kuwaweka wote kwenye gari moja, njia moja, siku nzima, bibi aonyeshe kwao na watoto waone. Nilipopiga simu ofisini nilimwambia yule dada wa mapokezi waziwazi: tunaye bibi, ni mwenyeji wa huko, yeye ndiye sababu ya safari. Akajibu, "Sawa kabisa mama, tumeshaandika." Naomba hilo mlishike, maana baadaye walijifanya hawakuambiwa.

Dereva alikuwa baba mtu mzima, Mpare wa Same. Alishuka, akatoa shikamoo kwa Bibi, akauliza magoti yakoje, akasema, "Mama akae mbele, huku anakunja mguu kwa shida." Mwongozaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasema kiti cha mbele ni cha mwongozaji, ndio utaratibu. Bibi akapanda nyuma. Mume wangu alinitazama, nikamwambia tuache, tusianze asubuhi kwa maneno. Salamu ya kijana kwa Bibi ilikuwa "mambo vipi", na watoto aliwasalimia kwa Kiingereza.

Kuna kitu kizuri kilitokea njiani na nakisema kwa furaha kabisa. Tulipovuka Bomang'ombe, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Kikafu, dereva aliwaambia watoto wakae macho kwenye madaraja. Kila daraja anauliza, huu mto gani? Kikafu. Mbele kidogo, Weruweru. Karibu na kuingia Moshi mjini, Karanga. Halafu akauliza haya maji yote yanakwenda wapi. Mdogo akasema yanaishia shambani. Dereva akacheka, akamwambia mengine ndiyo, lakini yanayobaki yanakutana chini huko, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme, yanatoka tena yanakuwa mto Pangani, yanapita njia ndefu mpaka baharini. Bibi akadakia kwamba juu kwao maji yale yale yalikuwa yanachepushwa kwa mifongo kabla hayajafika barabarani. "Mfongo ni nini?" Bibi akaanza kueleza, mtaro unaochimbwa ubavuni mwa mlima, kila ukoo na zamu yake ya maji, asiyetokea siku ya kuzibua anatozwa mbege, ile pombe ya ndizi. Mume wangu, ambaye ni mwanawe, akasema hilo la kutozwa mbege hajawahi kulisikia. Kwa dakika zile sikujuta hata shilingi moja. Ndicho nilichokilipia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tulipita Moshi mjini, tukawa tunaelekea upande wa Himo. Ilikuwa bado asubuhi na mlima ulikuwa wazi, jambo ambalo mkazi yeyote wa huku anajua si la kulichezea, maana ikifika saa nne au saa tano mawingu yanaufunika. Kibo, kilele kikubwa, imekaa na theluji yake, Mawenzi, kile kidogo, pembeni imechongoka meno meno. Dereva akasogeza gari pembeni, akazima injini. Mwanangu wa mwisho akauliza, kwa nini ule mmoja umevunjikavunjika?

Bibi alisogea dirishani, akanyoosha kidole, kidole kikagusa kioo. Akaanza: Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, na Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake. Kila siku ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Leo makaa, kesho makaa. Siku moja Kibo akachoka, akachukua mchi wa kinu...

Mwongozaji akageuka kutoka kiti cha mbele na kupiga makofi mawili, kama mwalimu anayenyamazisha darasa. "Bibi, samahani. Tukiruhusu kila mtu asimulie hatutafika. Na hizo ni ngano. Watoto, sikilizeni ya kitaalamu." Akaanza kumwaga maelezo yake ya kukariri, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika: Kibo mita 5,895, Mawenzi mita 5,149, cha tatu ni Shira, Mawenzi na Shira ni volkano zilizokufa, Kibo imelala.

Kile kidole kilishuka. Bibi akashika pindo la kanga yake, akaanza kulikunja na kulikunjua. Hakusema neno. Binti yangu akasema, "Lakini Bibi hajamaliza." Kijana akamjibu, "Maswali mwishoni."

Mita zake zilikuwa sahihi na kuhusu volkano alikuwa sahihi, sikatai. Mtoto angeweza kupata yote mawili, mchi na volkano, tena kwenye kituo kimoja. Mwanamke wa umri ule, ndani ya gari ambalo mwanawe amelilipia, akiutazama mlima aliozaliwa chini yake, anapigiwa makofi anyamaze na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake! Mimi natoka Tanga, mila za Kichagga nimejifunza ukweni, lakini hilo si la kabila gani. Hakuna nyumba nchi hii ambako mtu mzima anakatizwa hivyo.

Mume wangu alimwambia kwa upole, "Bwana mdogo, tumekuja kumsikiliza Mama." Akajibu kwamba yeye ana leseni na ana ratiba. Kwa ajili ya watoto tukaendelea.

Tuligeuka kupanda Old Moshi, kwenye mti wa Mangi Meli, yaani chifu Meli wa huko. Hapa ndipo nilipopasubiri kuliko kote. Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, wa Meru na wa Arusha, na familia yake inaamini kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mpaka leo kinatafutwa. Bibi alizaliwa vilima viwili kutoka pale. Baba yake alimsimulia habari zile, na yeye baba alisimuliwa na watu waliokuwepo. Utampata wapi mwongozaji wa kushinda huyo? Na Bibi hakushuka. Alisema miguu inamuuma. Miguu ilikuwa haijamuuma njia nzima.

Kijana akatusimamisha chini ya mti, akatoa simu akawa anasoma. Binti akamuuliza walionyongwa na Meli wa kutoka Arusha walikuwa nani, swali la maana kabisa kwa mtoto wa Arusha. Akaambiwa tena maswali mwishoni.

Kumbe dereva hakuwa amekwenda popote. Alifungua mlango wa Noah upande wa Bibi, akamnunulia ndizi mbivu kwa mama mmoja aliyekuwa anapita, akakaa juu ya jiwe na kumuuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, hebu nieleze, nyumbani kwenu palikuwa upande gani?" Bibi akaanza. Mdogo alisikia, akatoka mbio. Halafu dada yake. Halafu mume wangu. Nilipogeuka, familia nzima ilikuwa imekaa kwenye majani mlangoni mwa gari, na Bibi anaongea kama sijawahi kumsikia akiongea kwa miaka yote niliyoolewa. Alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwakataza kuchezea chini ya mti ule. Alisimulia kahawa, kwamba ada ya mume wangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia yaliyopelekwa chama cha msingi na kulipwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilichoanzishwa tangu 1933, na kwamba mwaka bei ilipoanguka aliuza ng'ombe bila kumwambia mtu. Mume wangu alikuwa hajui habari ya ng'ombe. Alinyanyuka, akaenda kusimama nyuma ya gari peke yake kwa muda. Binti aliandika kwenye daftari mpaka kalamu ikagoma. Kisha akamuuliza kuhusu Mjerumani aliyepanda Kibo mwaka 1889, yule Hans Meyer wa kwenye kitabu, na Bibi akamwambia aandike na jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu ambaye kwao wanamkumbuka kuwa ndiye aliyewaongoza njia. "Na hadithi ya mchi?" Ikamalizwa na ya mchi. Mawenzi alipigwa, ndiyo maana amekatikakatika.

Mwongozaji alikuja kutoka chini ya mti akiwa amevimba. Akaniambia mimi, mbele ya wote, "Mama, watoto wako hawana nidhamu. Nimebaki naongea peke yangu."

Hapo ndipo nyota tatu zilipokwisha. Nimejaribu kumbakizia mbili, kwa sababu ya gari safi na kwa sababu huenda amezoea wageni wa nje ambao hawana wa kuwasimulia. Nilipofika mstari huu nimeona siwezi. Watoto walioacha simu zao wakakaa kumsikiliza bibi yao saa nzima, hao ndio hawana nidhamu?

Marangu nitapita haraka. Tulikula mtori na machalari, maporomoko mazuri, mapango ya Wachagga tukaingia, watoto walifurahi. Kijana alikuwa amenuna, hakusema zaidi ya "huku" na "kule". Kwa kweli ilikuwa nafuu.

Kesho yake niliandika ofisini kwa WhatsApp, kwa heshima, nikaeleza yote. Jibu lilikuja jioni: mwongozaji wetu ana leseni na uzoefu, wageni wetu kutoka nje hawajawahi kumlalamikia, na kama mlitaka bibi awe msimulizi mngetuarifu mapema. Nikawatumia tarehe na saa ya simu niliyopiga. Kimya. Baadaye wakanitumia ofa, punguzo kwa safari ijayo.

Punguzo silitaki, wala hela yangu siidai. Nataka yule kijana apige simu kwa Bibi, atoe shikamoo, aseme pole. Namba wanayo, iko kwenye fomu tuliyojaza. Mpaka naandika hajapiga, na mpaka apige, jibu langu kwa kila anayeniuliza kuhusu kampuni hii ni usiende, hata kama mnakwenda bila mzee. Nyota moja niliyobonyeza ni kwa sababu mfumo hauruhusu kuacha patupu, na hiyo moja ni ya dereva.

Mkitafuta kampuni ya aina hii, ulizeni kabla ya advansi: mwongozaji ni nani, anaongea Kiswahili na watoto au la, na mzee wetu akitaka kusema itakuwaje? Mtu akibabaika kwenye hilo la mwisho, kateni simu.

Dereva tulimtafuta wenyewe. Likizo ijayo anatupeleka Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni, kwa gari la kukodi bila mwongozaji, na Bibi ameshauliza kama huko kuna baridi abebe sweta gani. Anayemhitaji huyo baba aniandikie, nitamuuliza kwanza kama anaruhusu namba yake itolewe.