Lancer Evolution X au Impreza WRX STI: lipi la kununua kwa dereva wa Unguja

Wanaokusudia kuagiza gari la mwendo kutoka Japani, na wanaotaka gari hilo hilo liwapeleke kazini siku za wiki na uwanjani siku ya mashindano, aghalabu hubaki na majina mawili ya kuchagua: Mitsubishi Lancer Evolution X na Subaru Impreza WRX STI ya milango minne, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2010. Nimeyaendesha yote mawili hapa kisiwani, na nimeyaendesha pia kwenye uwanja uliofungwa huko bara. Rai yangu naiweka wazi mapema: uwanjani Evolution ni gari bora, lakini kwa mtu anayeishi Unguja au Pemba, STI ya gia za mkono ndiyo inayostahili fedha yake. Sababu kubwa za uamuzi huu si kasi. Ni chumvi, joto, petroli na upatikanaji wa spea.

Nasaba ya magari haya haihitaji kutetewa mbele ya watu wa Afrika Mashariki. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya mwaka 1996 akiwa na Lancer, Colin McRae akaishinda ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaishinda mara mbili, mwaka 1998 akiwa na Mitsubishi na mwaka 2000 akiwa na Subaru, kabla ya Mäkinen kurudi na Mitsubishi kuichukua ya 2001. Wengi waliokuwa watoto wakati ule ndio leo wenye uwezo wa kuagiza, na mapenzi yao kwa moja ya nembo hizi mbili yalikwisha kuamuliwa zamani. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye moyo wake bado haujaelemea upande wowote.

Katika karatasi, tofauti ni ndogo kuliko kelele za mashabiki. Evolution X ilitoka mwaka 2007 na injini ya lita mbili yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iitwayo 4B11T, ikiwa na nguvu za farasi 280, na mwaka uliofuata zikapandishwa hadi 300. STI ya soko la Japani ina injini bapa ya lita mbili, yaani ambayo pistoni zake zimelala ubavu, iitwayo EJ207, yenye nguvu za farasi 308. Nguvu ya mzunguko, ile inayokuvuta ukikanyaga mafuta, ni ile ile kwa zote mbili, Nm (nyutonimita) 422, ila Evolution huifikia injini ikizunguka mara 3,500 kwa dakika, na Subaru huifikia karibu na mara 4,400. Tofauti hiyo ndiyo dereva anayoihisi barabarani kila siku. Ukitoka kwenye mzunguko wa Mwanakwerekwe na gia ya tatu, Evolution inakuvuta papo hapo, wakati Subaru inakutaka ushushe gia au usubiri kidogo, kisha ikishapata pumzi inakimbia kwa raha hadi juu kabisa ya kipimo. Vijana wanaotafuta ule mngurumo wa kukwaruza uliozoeleka kwa Subaru wajue kwamba STI hii ya Japani hainao, kwa sababu mabomba yake ya kutolea moshi yamepangwa kwa urefu ulio sawa ili kulisha turbo yake vizuri zaidi. Sauti yake ni nyororo, na mimi naipenda hivyo.

Barabara zetu zina masharti yake. Njia ya kwenda kusini kupitia Tunguu ni nzuri na imenyooka mahali pengi, lakini ukifika Jozani unakutana na matuta yaliyowekwa ili kuwalinda kima punju wanaovuka kutoka upande mmoja wa msitu kwenda mwingine. Hapo ndipo magari haya mawili hupimwa upya. Mdomo wa mbele wa Evolution umeshuka na umechongoka, na ukiliingia tuta moja kwa moja na abiria watatu ndani unasikia plastiki ikikwaruza lami. Inabidi ulipande kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, huku gari la nyuma likikupigia honi. STI nayo si ya kwenda nayo shamba bila ya kufikiri, lakini shokomzoba zake zinapokea pigo kwa upole zaidi, na nafasi yake ya kupanda na kushuka ni ndefu kidogo. Kwa mtu mwenye wazee wa kupeleka hospitali au watoto wa kupeleka chuoni, tofauti hii ni kubwa. Evolution ni ngumu mgongoni, na baada ya safari ya kutoka mjini hadi Makunduchi abiria wa siti za nyuma hawasifu kitu.

Joto ni suala ambalo mapitio ya nchi za baridi hayaligusi. Subaru imeweka kipozahewa chake, kifaa kinachopoza hewa itokayo kwenye turbo kabla ya kuingia kwenye injini, juu ya injini yenyewe, chini ya ule mdomo ulio kwenye boneti. Gari likitembea, upepo unaingia na kila kitu ni sawa. Likisimama kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana mwezi wa Februari, joto la injini hupanda juu na kukipasha kipozahewa, na unapoondoka unahisi wazi kwamba nguvu imepungua mpaka upepo upite tena. Evolution imekiweka chake mbele kabisa, nyuma ya bampa, mbali na injini, na kwa hiyo haisumbuki sana na foleni. Katika jambo hili Mitsubishi walifikiri vizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba kipozahewa cha mbele ndicho kinachopokea mawe na matope ya njia ya vumbi, na kwa hiyo kinahitaji wavu wa kukikinga.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniamulia. Ustadi wa Evolution umo katika mfumo wake wa kugawa nguvu, unaoitwa S-AWC, ambao hauishii kugawa kati ya mbele na nyuma tu, bali unagawa pia kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto, ili gari ligeuke kwa hiari yake badala ya kusukumwa. Mfumo huo unaendeshwa na pampu ya mafuta inayotumia umeme, na pampu hiyo imewekwa chini ya gari upande wa nyuma, mahali panaporushiwa maji na uchafu wa barabara. Udhaifu wake unajulikana dunia nzima kwa wenye Evolution X, hasa katika nchi ambazo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji: mwili wa pampu hula kutu, taa ya hitilafu huwaka kwenye dashibodi, na gari hupoteza kile kile kilicholifanya liwe na thamani. Sisi hatuna theluji, lakini chumvi tunayo mwaka mzima. Anayeishi Bububu, Fumba au Nungwi anajua jinsi upepo wa kusi unavyoacha ukungu wa chumvi kwenye vioo vya madirisha, na kilichomo kwenye kioo kimo pia chini ya gari. Pampu mpya ni ghali sana, na huwezi kuikuta kwenye duka la spea la hapa mjini.

STI imechagua njia iliyo rahisi zaidi. Difu yake ya katikati, kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inadhibitiwa kwa umeme, na dereva anaweza kuikaza au kuilegeza kwa kugeuza kigurudumu kidogo kilicho karibu na mkono wa gia, lakini difu ya mbele na ya nyuma ni za kimakanika tupu, bila ya pampu ya kuoza. Hazina akili ya kugawa nguvu kwa werevu ule wa Evolution, ila zinafanya kazi ile ile miaka kumi na tano baadaye, na fundi yeyote aliyezoea Subaru Forester anaweza kuzifungua akazielewa. Hili la fundi lina uzito. Forester na Impreza za kawaida zipo nyingi Tanzania, na sehemu kadhaa za STI ni jamaa wa karibu wa zile zinazopatikana Kariakoo na Ilala, zikavushwa kwa boti kuja Malindi. Kwa Evolution, milango na vioo unaweza kuvipata kwa ndugu yake Galant Fortis, lakini vitu vinavyolifanya gari kuwa Evolution vinaagizwa Japani, na uzalishaji wake ulikwisha simama.

Uwanjani mambo hugeuka, na itakuwa dhuluma nisiposema hivyo kwa uwazi. Kisiwani hatuna uwanja wa kudumu wa mbio, kwa hiyo mwenye nia ya kweli lazima alipakie gari melini na kwenda bara, ambako kuna mashindano ya rali na ya mizunguko mifupi kwenye vumbi na lami. Huko Evolution inakusamehe makosa. Ukiingia kona kwa kasi kuliko ulivyokusudia, na mikono ikaanza kuongeza usukani, unahisi gurudumu la nyuma la nje likisukuma pua ya gari irudi ndani, na kona unaimaliza ukiwa umeshakanyaga mafuta. Usukani wake ni mwepesi wa kujibu, kiasi kwamba mwendo mdogo wa kiganja unatosha kulipanga gari. Ukifanya kosa lile lile ndani ya STI, pua inateleza kwenda nje, na dawa yake ni uvumilivu: ulegeze mguu, usubiri tairi za mbele zishike, ndipo ukanyage tena. Dereva anayejifunza atakuwa na kasi zaidi ndani ya Evolution. Anayejua kuendesha atafurahi ndani ya STI, kwa sababu kila kitu kinachotokea amekifanya yeye.

Breki za yote mawili ni Brembo na zinatosha barabarani kupita mahitaji, ila kwa uwanja badilisha mafuta ya breki na pedi kabla ya kitu kingine chochote. STI ina jambo moja la hatari linalotaka tahadhari: kwenye kona ndefu za kasi, oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inakimbilia upande mmoja, na injini inaweza kubaki bila oili kwa muda mfupi unaotosha kuharibu beringi. Wanaozipeleka uwanjani hufunga sampu yenye vizuizi ndani na bomba la kunyonyea lililoimarishwa. Ifanye kazi hiyo mwanzo, wala usiiahirishe. Pia STI hutumia mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali na pistoni hugongana. Evolution X hutumia cheni, ambayo hudumu ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati na hulegea ikiwa mwenyewe ni mvivu.

Kuhusu gia nitakuwa mfupi. Evolution inapatikana na gia tano za mkono au na giaboksi ya klachi mbili yenye gia sita inayojibadilisha yenyewe. Hii ya pili ni raha mjini na ina kasi ya ajabu, lakini mafuta yake hupata joto upesi uwanjani, na gari hukuamuru upunguze mwendo. Katika hali ya hewa yetu bila ya kipozaoili kikubwa nisingeitumia kwa mashindano. Upande wa Subaru, jihadhari na STI iitwayo A-Line, ambayo ni ya otomatiki na ina injini ya lita mbili na nusu. Ni gari zuri la safari, lakini silo ninalolizungumzia hapa.

Magari yote haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kule huuzwa kwa kawaida ikiwa na oktani 100 (kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati). Ya vituo vyetu haifikii hapo. Kompyuta ya injini itapunguza nguvu kidogo ili kujilinda, na hilo halina madhara. Lenye madhara ni kununua gari ambalo mmiliki wa mwanzo alilipandisha presha ya turbo huko Japani, kisha kulijaza petroli ya hapa na kulikanyaga kwenye joto la nyuzi 32. Kwa sababu hiyo, kati ya gari lililorembwa na lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, chukua la pili hata kama lina kilomita nyingi zaidi. Hodhi la STI ni la lita 60 na la Evolution ni lita 55, na buti la Evolution ni dogo kwa kuwa betri imehamishiwa humo, kwa hiyo anayefanya manunuzi ya mwezi kwa gari hilo apange vizuri.

Kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye minada ya Japani, daraja la R au RA maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwa magari ya aina hii mimi huliacha bila ya kusoma zaidi. Omba picha za chini ya gari, kwa kuwa yaliyotoka mikoa ya theluji ya kaskazini mwa Japani huja na kutu tayari. Likishafika, kabla ya rimu mpya na kabla ya redio, lipakwe kinga ya kutu chini kote, kisha lioshwe chini kwa maji baridi kila wiki msimu wa kusi.

Na aliyeamua kwamba anaitaka Evolution licha ya yote haya, kwa sababu kila msimu atakwenda bara kushindana na anayo nafasi ya kulilaza gari ndani, mbali na pwani, simzuii. Achague yenye gia za mkono ya kuanzia mwishoni mwa 2008, amwombe wakala wa Japani picha ya pampu ya nyuma ikiwa imefunguliwa kinga yake, na atenge fedha ya pampu ya akiba tangu siku anayolipia gari.