Ofisi ya udalali ya Sinza na nyumba yetu iliyokwama sokoni

Nyumba ya marehemu baba yetu, iliyopo Tabata Segerea jijini Dar es Salaam, ilikaa sokoni muda mrefu kuliko alivyotarajia yeyote kati yetu warithi, na ilipata mnunuzi baada tu ya kukabidhiwa kwa ofisi moja ya udalali iliyopo Sinza. Tathmini hii inahusu huduma ya ofisi hiyo, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa si yote nitakayoyaeleza ni ya sifa. Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa: vyumba vitatu vya kulala, uzio wa matofali, kisima chenye maji ya chumvi kidogo, na kipande cha barabara ya vumbi kabla ya kufika kwenye lami.

Jambo la kwanza walilolifanya lilitushangaza, maana walikataa kuitangaza. Wakati huo nyumba ilikuwa mikononi mwa madalali wengi wa mtaani, na kila mmoja alikuwa ameweka cha juu chake, kiasi kwamba mtu aliyeulizia kwa huyu aliambiwa milioni 180, kwa yule milioni 195, na kwa mwingine milioni 210. Mnunuzi makini anapokutana na nyumba ileile kwa bei tatu, hukata shauri kwamba ama wenye mali hawaelewani, ama kuna utapeli, na huondoka bila kuuliza zaidi. Ofisi ilitaka mkataba wa kuwa dalali pekee kwa miezi sita, kwa sharti kwamba dalali yeyote wa mtaani atakayeleta mnunuzi atagawiwa sehemu ya kamisheni, lakini hataruhusiwa kutaja bei nyingine. Sharti hilo lilipunguza ugomvi ambao tuliuogopa sana, ingawa halikuumaliza.

Ubora wa kazi yao, kwa maoni yangu, ulikuwa katika nyaraka. Katika jiji ambalo watu huandika kwa rangi kwenye kuta zao kwamba nyumba hii haiuzwi, ili matapeli wasije wakaiuza wamiliki wakiwa safarini, mnunuzi ana kila sababu ya kuogopa, na nyumba ya mirathi humwogopesha maradufu kwa sababu hajui ni mtoto gani atakayeibuka mahakamani baada ya fedha kulipwa. Mwanasheria wa ofisi hiyo hakuridhika na barua ya mahakama iliyomteua kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Alitaka kaka asajiliwe kwenye hati miliki ya nyumba kwa wadhifa huo, alitaka muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote pamoja na mama, na alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuthibitisha kwamba hakuna rehani wala zuio. Kodi ya jengo haikuwa na deni, kwa kuwa tangu 2021 imekuwa ikikatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hata pale mwenye nyumba anapoisahau, lakini kodi ya pango la ardhi ilikuwa imelimbikizwa, na ilibidi ilipwe yote. Awali, madalali wa mtaani walikuwa wakituma kivuli cha hati kwa kila aliyepiga simu. Ofisi hii ilikomesha utaratibu huo, ikamtaka mnunuzi afike aione hati halisi mbele ya mwanasheria.

Suala la bei lilikuwa gumu zaidi ndani ya familia. Bei tuliyokuwa tukiing'ang'ania ilitokana na matangazo ya nyumba za jirani, na tangazo ni ombi la muuzaji tu, halisemi nyumba iliuzwa kwa kiasi gani. Mthamini aliyesajiliwa, aliyeletwa na ofisi, alikadiria thamani ya soko kuwa milioni 150. Dada yangu alilalamikia malipo ya mthamini, lakini ripoti hiyo tungeihitaji kwa vyovyote, kwa kuwa uhamisho wa miliki hutaka uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Bei ikashushwa hadi milioni 158, maongezi yakiwepo, na hatimaye tulikubaliana milioni 148 na mnunuzi aliyelipa sehemu kwa mkopo wa benki. Mnunuzi wa namna hiyo asingeweza kutufikia hapo awali, kwa sababu benki haitoi fedha kwa hati yenye jina la marehemu.

Walitueleza mapema pia kuhusu kodi, jambo ambalo hakuna dalali aliyewahi kuligusia. Kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama, nasi hatukuwa na risiti hata moja ya saruji aliyoinunua baba, kodi ya faida ya mauzo hukokotolewa kwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kufuata iliyo kubwa.

Lawama zangu si ndogo. Ofisi ilikuwa ikiwatoza wateja shilingi 20,000 ya kuonyeshwa nyumba, tozo inayoeleweka kwa kijana anayezungusha wapangaji kwa bodaboda, lakini ni aibu kwa ofisi inayosubiri kamisheni ya mamilioni, na nina hakika iliwafukuza baadhi ya watu kabla hatujaipinga. Walitulipisha picha za video zilizopigwa kutoka angani, ambazo zilionyesha mabati ya jirani vizuri kuliko nyumba yetu. Mnunuzi wetu alipendezwa zaidi na kuja wakati wa masika kujionea kwamba maji hayatuami uani. Mkataba nao ulikuwa na kifungu kinachowapa kamisheni kamili hata kama ndugu wa familia angeinunua nyumba, na kilirekebishwa baada ya mabishano marefu. Atakayekwenda kwao akisome kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Kamisheni ilikuwa asilimia 5 ya bei ya mauzo, na kwa kazi ya nyaraka peke yake naiona kuwa ya haki. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ya malipo hayo, hata hivyo, tuliipata baada ya kuidai mara kadhaa, hivyo ni vyema idaiwe pale pale fedha zinapolipwa.