Miaka miwili ya mwanangu shule ya Kayumba, uzoefu wangu

Jina la shule siweki mana walimu wengine ni wateja wangu wa vitenge, ila ni ya serikali (hizo ndo tunaziita Kayumba), ipo huku Mbagala, Dar es Salaam, na mwanangu aliingia pale darasa la nne akitokea english medium, saivi yupo la sita. Sababu ya kumhamisha ni hela tu. Biashara iliyumba ada ikanishinda, sijifanyi hapa kwamba nilifanya utafiti.

Usiku kabla sijaenda kuomba nafasi niliingia website ya NECTA, baraza la mitihani, nikafungua matokeo ya la saba ya shule zote mbili. Ile ya zamani watahiniwa 19, wastani 251, daraja A. Hii ya Kayumba watahiniwa 312, wastani 162, daraja C. Nililia jamani. Dada angu ni mwalimu Lindi, nikamtumia picha akanijibu shuka chini, usiishie hapo juu. Nikashuka. Wenye A walikuwa 21, yani A za Kayumba peke yake zinazidi darasa zima la kule nilikokuwa nalipa mamilioni. Ila na wenye D na E walikuwa 62, na hao ndo waliofeli mana kufaulu kunaanzia C, alama 121 kati ya 300. Kwahiyo ile 162 haikuwa inaniambia kitu kuhusu mtoto yeyote, imechanganya wa 260 na wa 70 humohumo.

Alafu kwenye ule ukurasa kila namba ina jinsia pembeni, nikakaa nahesabu mpaka bando likakata, wasichana wamewazidi wavulana kwa mbali. Kitaifa pia ndo hivohivo, wanaofanya la saba wasichana ni wengi. Sikuelewa kwanini mpaka nilipoanza kumpeleka shule mwenyewe, saa nne asubuhi wavulana wa umri wa la tano la sita nakutana nao stendi ya Rangi Tatu wanauza mifuko na karanga, na wengine nawajua ni wa darasa la mwanangu kabisa.

Darasani kwao wapo 136. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, sasa piga hesabu. Wanaingia kwa zamu, wiki hii asubuhi wiki ijayo mchana, na dawati wanabanana wanne, akiandika wa mwisho wote wanatikisika. Ila hao 136 sio walewale mwaka mzima, hiki kitu sikukijua kabla. Huku wengi ni wapangaji, baba kodi ikimshinda Kijichi anahamia Chamazi, mtoto anaondoka katikati ya muhula, wengine wanapelekwa kwa bibi kusini wanarudi baada ya miezi. Mwalimu wa darasa aliniambia Januari anaita majina, Juni robo hawaitikii na kuna wageni ambao hata kwenye PReM, mfumo wa kuandikisha wanafunzi kwa kompyuta, bado wanasoma shule nyingine. Huyo mwalimu mwisho wa mwaka anapimwa kwa wastani, haya.

Kilichomtesa mwanangu zaidi ni lugha, tena sio Kingereza, ni Kiswahili! Alikuwa anajua LCM vizuri tu, siku ya kwanza ubaoni kaandikiwa KDS akakaa kimya, hajui kwamba kigawe kidogo cha shirika ni kitu kilekile. Hisabati ya kwanza alipata 18 kati ya 50, mtoto aliyekuwa hakosi 40. Miezi mitatu tukawa tunatafsiri kila jioni, na upimaji wa la nne ulikuwa Oktoba ya mwaka huohuo, presha niliipata mimi. Alipata B. Mwenye mpango wa kuhamisha basi ahamishe mapema, la pili la tatu hivi, usisubiri la nne kama mimi.

Walimu siwezi kuwasema vibaya wote. Wa Hisabati ni mama mtu mzima, ana sauti ya kufika mpaka kwa muuza ubuyu getini, na ndani ya hao 136 anajua nani hajala, anakaa na chapati mfukoni. Wa somo lingine (silitaji) daftari la mwanangu amesahihisha mara mbili muhula mzima, na jioni ndo huyohuyo anafundisha twisheni ya hela. Hapo nilikasirika nikaenda ofisini, nikajibiwa kwa upole kwamba madaftari ni zaidi ya 400. Nikatoka nimekasirika bado ila sijui namkasirikia nani.

Hela: ada hakuna, kweli. Serikali inatoa ruzuku elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inakatwa ya vitabu, kwahiyo shuleni kinachofika hata chaki ni mashaka. Ndo mana utakutana na hela ya mlinzi, ya uji, ya karatasi za mtihani wa Ijumaa, na kidumu na fagio. Kwenye kikao wanasema ni hiari, ila mtoto asiyelipia uji hanywi, na sisi tuliotoka shule za kulipia tukisema "buku tu jamani" kuna mama pembeni anaangalia chini. Niliacha kusema hivo.

Kingereza kimeshuka, nisidanganye. Vyoo ndo tatizo namba moja, mwongozo unasema tundu moja wasichana 20, pale foleni ya wasichana wakati wa mapumziko inafika mlingotini na kengele inagonga bado wapo.

Muhula uliopita kashika namba 38. Kule alikuwa wa nne, wa nne kati ya 22. Anayeongoza darasa ni binti wa muuza kachori wa hapohapo getini, na siku hizi jioni anakuja kwetu kuazima vitabu vya Kingereza, wanakaa barazani na mwanangu wanabishana hesabu mpaka naanza kufunga duka. La saba atamalizia hapohapo, ila hela ikikaa vizuri Kingereza nitamlipia twisheni, sio kwa yule mwalimu.