Jeep za zamani hapa Mombasa: gani ununue, gani uiache ilipolala

Kila nikikwama kwenye foleni pale Buxton lazima mtu agonge mlango wa Land Rover yangu, "ami, hii wauza?" Nikisema siuzi swali la pili ni lilelile kila siku, basi mtu akitaka kama hii anunue gani. Sasa nimechoka kujibu dirishani huku matatu inanipigia honi nyuma, naandika yote hapa mara moja.

Kitu cha kwanza, hapa kwetu jeep haifi kwa injini, yafa kwa kutu. Injini utapata, giaboksi utapata, mambo yakizidi utatia injini ya Hilux uendelee na maisha, lakini chasisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari, ikishaliwa na chumvi ni kama jahazi lililooza mkuku, hata ulipake rangi gani halina safari. Kwa hivyo mpango wangu wa namba moja mpaka nne hauangalii gani yapendeza kwenye picha pale Mama Ngina, naangalia gani itavumilia huu upepo wetu na spea zake ntazipata wapi.

Na usiote kuagiza kutoka nje. Sheria ya Kenya haikubali gari iliyozidi miaka 8, na usukani wa kushoto pia hawataki, kwa hivyo zile tamu unazoziona mitandaoni za Marekani ziangalie tu kisha zima simu ulale. Tunagombania zilezile zilizokuwa nchini tangu zamani, nyingi utazijua kwa namba zao, herufi tatu na tarakimu tatu bila ile herufi ya mwisho.

NAMBA MOJA: Land Rover Series III, au IIA ukibahatika

Series III ni za 1971 mpaka 1985, IIA ni 1961 mpaka 1971. Kuzijua kwa haraka angalia uso, III ina grili ya plastiki na taa ziko kwenye madigadi, IIA nyingi taa zimebanana katikati kama macho ya bundi, ingawa zile za mwisho mwisho nazo taa zilihamia pembeni. Anayeanza mimi namwambia achukue III manake gea zote za mbele zina sinkro, yaani zinaingia laini bila kusaga. IIA gea ya kwanza na ya pili hazina, lazima ujue kukanyaga klachi mara mbili la sivyo utasaga meno mpaka Makupa nzima igeuke kukuangalia.

Sababu ya kuiweka juu ni bodi, ni aluminiamu. Baada ya vita vikuu vya pili chuma kilikuwa cha mgao kule Uingereza, Rover wakaona bora watumie aluminiamu, gari ikaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 na sisi watu wa pwani tunafaidi mgao ule wa wenzetu mpaka leo.

Lakini hapohapo ndipo watu hupigwa, mtu aona bodi haina kutu adhani gari nzima haina. Chasisi ni chuma! Ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma pia. Kwa hivyo usiende kuangalia gari na kanzu nyeupe, nenda na nguo za kulala chini, bisibisi moja na nyundo ndogo. Gonga boriti ya mwisho kule nyuma panapofungwa tela, gonga ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, gonga springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kina sauti ya bubu, na ukidunga na bisibisi yaingia kama unadunga papai. Ukisikia hivyo simama, jipanguse, aga vizuri uende zako. Kisha inua mikeka uangalie miguu inapokaa na chini ya nguzo za milango, hapo ndo maji hutulia.

Na aluminiamu nayo si malaika. Inapogusana na boliti ya chuma halafu chumvi ikapata njia katikati, inayoliwa ni aluminiamu, inafura na kutoa unga mweupe kama chokaa. Dawa yake ni kutia raba au rangi nzito katikati kila unapofunga boliti, kazi ya kuudhi kweli lakini ifanye.

Injini ya petroli ni ya lita 2.25, silinda nne, nzito, haina haraka na yanywa si mchezo, ila fundi yeyote mtu mzima anaijua gizani. Ukikuta mafundi washang'oa wakaweka dizeli ya Toyota, 2L ama 3L, si vibaya, hata mimi shetani alishanishawishi, bora tu namba ya injini iwe imebadilishwa kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari. Udhaifu mwingine ni shafti za nyuma, ukiondoka kwa hasira kwenye mchanga na mzigo inakatika ko! Tembea na ya akiba. Halafu angalia kama kuna mtu alitoa themostati, ile vali inayopima joto la maji ya injini, manake mafundi wetu gari ikichemka kidogo wanaichomoa wanaitupa, badala ya kusafisha radieta.

88 ama 109? Hizo ni inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kama unalaza gari vichochoro vya Mji wa Kale chukua 88 usijitese. 109 ni ya mwenye watoto na masufuria ya kwenda Diani.

Yangu nliitoa upande wa Taveta, ilikuwa gari ya shamba, imejaa vumbi jekundu mpaka ndani ya taa, siti zote zimeliwa na panya, mke wangu alipoiona ikishushwa akaniuliza kama nimelipwa kuichukua. Lakini chasisi kavu kabisa. Ndo maana kila mtu namwambia tafuta gari iliyoishi bara, kuanzia Voi kwenda juu, usinunue iliyolala miaka ishirini Nyali chini ya mnazi hata kama mwenyewe anaapa ilikuwa ikitoka Jumapili tu. Hiyo Jumapili ilikuwa yaenda wapi? Ufuoni.

NAMBA MBILI: Suzuki SJ410 na Maruti

Kama mfuko haujakaa vizuri anzia hapa. SJ410 ya 1981 kuendelea, wengi mwaijua kama Sierra, na nduguye wa Kihindi Maruti Gypsy iliyoanza 1985. Injini ni ya sisi (cc) 970, yanywa kama ndege, spea zake ni rahisi, na ikikwama Nyali ufuoni vijana wanne wanaisukuma inatoka. SJ413 ina sisi 1324 na gea tano, hiyo ukiiona inauzwa usiende kulala ufikirie.

Shida yake bati ni jembamba na hapa pwani linaliwa kama kaimati mwezi wa Ramadhani. Sakafu, fremu ya kioo cha mbele, na pale bodi inapokalia chasisi, hapo ndo pa kuangalia. Halafu iendeshe, ukifika kilomita sitini usukani ukianza kutetemeka kama una homa basi mara nyingi ni beringi za kingipini, pale magurudumu ya mbele yanapogeukia, zimechoka ama bushi, si ugonjwa wa kukukimbiza ila teremsha bei. Barabara ya Nairobi na yale matrela sahau, hii ni ya mjini, Mtwapa na Kilifi, basi.

NAMBA TATU: Land Cruiser za 40

Najua mtanitukana. Kwa moyo ni namba moja, hakuna jeep iliyonyooka kama hii, zilitengenezwa 1960 mpaka 1984, FJ40 za petroli silinda sita lita 3.9 na baadaye 4.2, na BJ40 ya dizeli lita 3 ambayo ukiisikia ikiunguruma asubuhi wajua kazi itafanyika. Shafti hazikatiki, giaboksi haiishi. Lakini bodi ni chuma kitupu, na bei zake sahi zimepanda vichaa, mtu anaomba pesa ya kiwanja.

Na hii nazungumza kwa uchungu. Kabla ya Land Rover nlinunua moja kwa dalali, sitamtaja, rangi ya krimu yang'aa kama sahani ya harusi, nkalipa siku hiyohiyo kwa pupa. Miezi mitatu baadaye pembeni ya mlango wa nyuma pakaanza vipele vidogo, nkagusa kwa kidole, kidole kikaingia. Bodi nzima ya nyuma ilikuwa fila, ile lahamu ya kuzibia bati lililooza, na karatasi za gazeti zilizopakwa rangi. Fundi wangu wa Jomvu akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia "mzee, wewe hukununua jeep, umenunua jipu."

Tangu siku ile natembea na sumaku iliyofungwa kitambaa. Kwenye Land Cruiser ipitishe chini ya milango, kona za nyuma, juu ya magurudumu na chini ya kioo cha mbele, ikikataa kushika hapo pana fila. (Usifanye kama rafiki yangu aliyeipitisha kwenye bodi ya Land Rover akaanza kugombana na muuzaji, aluminiamu haishiki sumaku ndugu yangu.) Ukipata BJ40 kavu kutoka bara na pesa unayo, nunua, sitakuzuia. Ya hapa pwani iliyopakwa rangi juzi, iache ilipolala.

NAMBA NNE: Willys na Mahindra

Hii ndo jeep yenyewe ya vita, Willys MB na ile ya Ford, zaidi ya laki sita zilitengenezwa kati ya 1941 na 1945, na ya Ford utaona wamepiga herufi F mpaka kwenye boliti. Mahindra wa India walianza kuziunga miaka ya 40 mwishoni. Nzuri kuangalia. Lakini nyingi zinazouzwa ni biriani, chasisi ya hii, bodi ya ile, injini ya pikapu, na spea za kweli lazima ungoje meli. Kama ni gari yako ya kwanza achana nayo.

UKISHANUNUA

Ukinunua kwa shilingi moja weka mbili pembeni, mimi nliweka moja nkabaki kupanda tuktuk mwaka mzima. Anza na breki na chasisi, kisha injini na waya, rangi mwisho kabisa, na usipulize rangi mvua za masika manake hewa ina maji na rangi itatoka na ukungu. Ngoja ikauke.

Ndani ya chasisi pulizia oili au nta kupitia yale matundu. Wazee wa majahazi hawakuwa wajinga kupaka sifa (mafuta ya papa) na deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta) kila chombo kikipandishwa, nawe gari yako ipake kila mwaka. Na ukitoka ufuoni ioshe chini siku hiyohiyo kwa maji matamu. Muulize kijana wa kaa-woshi maji yake ni ya bomba au ya kisima, manake visima vingi hapa kisiwani ni maji chumvi, unamlipa mtu akumalizie gari.

Karatasi nazo zikague kabla hujatoa hata mia. Namba ya chasisi kwenye Land Rover imepigwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia pale springi inaposhikwa, kwangua uchafu uisome na ilingane na logbuku herufi kwa herufi. Kisha angalia jina. Gari hizi ni za zamani na wenyewe wengi washatangulia, utamkuta mjukuu anauza gari ambayo bado iko kwa jina la babu, na bila hati za mirathi NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, hawatakuhamishia. Kuna 88 moja safi naijua Changamwe imekaa hivyo, watoto saba, mama wawili, kila mtu ataka kwanza ajue mwenzake atapata ngapi. Mimi huenda kuisalimia kila mwezi, nainua boneti, nafunga, narudi nyumbani.