Mthamini aliyefuta jina la babu kwenye kalamu, kisha akaishusha bei

Naandika nikiwa bado na hasira, na sisubiri zipoe.

Nilimpelekea huyu mthamini wa kalamu za kale kalamu ya wino niliyorithi kwa babu. Nilitaka aniambie mambo matatu tu: ni ya aina gani, ni ya lini, na thamani yake ikoje. Sikuomba ukarabati.

Nimtendee haki kwanza: kazi anaijua. Kalamu ile ukiishika unaweza kuuliza nibu iko wapi, maana kinachochungulia ni kincha tu. Yeye hata hakuuliza. Akasema hii ni Parker 51, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1941, na nibu yake ya dhahabu imefichwa makusudi ndani ya ganda ili wino usikauke haraka. Akafungua mwili wa kalamu, akanionyesha kifuko cha wino kilichokaa ndani ya bomba la chuma lenye kibao cha kubonyeza. Mfumo huo, akasema, ulianza 1948. Kisha akachukua lenzi, akanisogezea. Karibu na pete, pale kofia inapofungia, palikuwa na maandishi membamba ya kiwandani na tarakimu moja, 9, yenye nukta pembeni. Tarakimu ni ya mwisho ya mwaka, nukta zinaonyesha robo ya mwaka. Na kwa kuwa kifuko hicho hakikuwapo kabla ya 1948, basi 9 hiyo, akasema, ni ya 1949.

Nilifurahi jamani! Kitu nilichokiona mfukoni mwa babu tangu utotoni kikapata mwaka wake wa kuzaliwa. Siku ile ungeniuliza, ningemsifu mpaka ukachoka kunisikiliza.

Akaomba abaki nayo ailoweke, wino wa zamani uliogandia utoke. Nikakubali, maana kulowekwa kwenye maji hakuiumizi.

Niliporudi kuichukua ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Babu alichongewa jina lake ubavuni mwa kalamu, na herufi ya kwanza ilichimbwa zaidi ya zingine. Tangu niirithi, kidole gumba changu kilikuwa kinaijua. Safari hii kidole kikateleza. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaigeuza tena. Hakuna jina.

"Nimekusafishia, dada," akasema. "Kalamu yenye jina la mtu hainunuliki vizuri. Na hilo sikutozi."

Amelisaga kwenye mashine ya kung'arishia. Ule mwili ni plastiki ya akriliki, maandishi ya kiwandani yamekaa juujuu, na gurudumu la kung'arishia halichagui. Limeondoka jina, limeondoka jina la kampuni, imeondoka na ile 9. Hata kofia hakuihurumia: dhahabu yake ni tabaka jembamba juu ya madini mengine, na sasa kwenye ukingo rangi ya chini imeanza kujitokeza.

Halafu akanikabidhi karatasi ya tathmini. Nainukuu: "Mwaka wa kutengenezwa: haujulikani. Mwili umesagwa." Na bei ameishusha kwa sababu hizo hizo!

Nikamwambia, mzee wangu, si wewe mwenyewe uliyenisomea ile tisa kwa lenzi yako? Akajibu bila hata kuinua macho: "Mimi nathamini ninachokiona leo." Kisha akasema kama nataka kuiuza, yeye yupo tayari kuichukua kwa bei hiyo.

Ni kweli wakusanyaji wengi hawalipendi jina la mtu asiyejulikana, sibishani naye hapo. Lakini ni mkusanyaji gani anayefurahia mwili uliofutwa maandishi yote? Na nani alimwambia nauza? Mimi nilitaka kujua nina nini mkononi.

Nilikusudia kuandika hivi: nendeni mkamsikilize, ila msimwachie kalamu. Maana elimu anayo, na kusema kweli baada ya kulowekwa wino unatoka laini kabisa, mstari haukatiki. Lakini kila nikiandika neno la kumsifu naiona ile karatasi. Hapana. Msiende. Anayejua alama ile ina maana gani kisha akaifuta, huyo ni hatari kuliko asiyejua. Kama huna pengine pa kwenda, piga picha ya maandishi yote kwa karibu kabla hajaigusa, na akuandikie kwamba haisugui.

Nimemtaka aandike karatasi upya: kalamu ni ya 1949, alama ilikuwepo, na aliyeifuta ni yeye. Anakataa, ananiambia nirudishiwe ada yangu yaishe. Ada abaki nayo. Nataka hiyo karatasi, na nitaendelea kumwendea mpaka aiandike.