Kikapu cha ukili, kifumbu, mtungi na chupa ya stili: kipi kinahimili hewa ya Lamu?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Nafasi yake sokoni Lamu ikachukuliwa na mfuko ule laini wa rangirangi ambao wengi huuita wa kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki vilevile, ila nyuzi zake zimegandamizwa kwa joto badala ya kufumwa. Uanike juani darini miezi michache, kisha uufikiche kwa vidole: utapukutika. Vipande hivyo huishia mtaroni, na vingine hulambwa na punda pamoja na maganda ya ndizi. Kwa kuwa unauzwa kama mfuko wa kutumia tena na tena, tunaupa alama ya chini kabisa, tuendelee na vitu vyenye maana.

Kikapu cha ukili ndicho cha kwanza, na hapa inafaa kwenda taratibu kwa sababu vikapu vinavyopangwa mbele ya Ngome, pale Mkunguni, havilingani hata vikifanana. Ukili ni msuko mrefu wa chane za miyaa, yaani majani machanga ya mkoma. Msuko huo huzungushwa kuanzia kitakoni na kushonwa ukingo kwa ukingo. Kinunue kwa kukigeuza. Kwanza, kitazame dhidi ya mwanga: ukiona vitundu kwenye mishono, unga na dengu vitapita. Pili, tazama uzi. Uzi wa chane ya mwaa huchakaa pamoja na kikapu; wa nailoni una nguvu kuliko jani, kwa hiyo uzito ukizidi hulikata jani kama wembe na mshono wote unafumuka. Tatu, na hili ndilo wanunuzi hulisahau, fuata mkono wake hadi unakoishia. Mkono uliotiwa mdomoni tu hung'oka na kipande cha ukili. Ule wa kamba ya usumba unaoshuka ubavuni, ukapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, ndio wa kubebea nazi tatu, paketi mbili za unga na viazi. Hata huo, usiupitishe kilo 8.

Vyenye rangi vinapendeza, lakini rangi ya unga isiyochemshwa vizuri na jani huchuja. Kabla ya kulipa, lowesha ncha ya kitambaa cheupe na usugue mstari mwekundu mara kumi. Kikitoka doa, kikapu hicho kiache, au ukubali kwamba kanzu ya Ijumaa itapata alama kiunoni.

Adui wa kikapu hiki pwani si uzito bali chumvi ikichanganyika na unyevu. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, hivyo kikapu kilichodondokewa na maji ya samaki hakikauki hata kikiwa kavu machoni. Baada ya siku tatu nne utaona madoadoa meusi ya kuvu kitakoni. Samaki, basi, abebwe kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, ile ile ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha (ya rangi usiiguse kwa chakula). Kikapu kikishalowa chumvi, kisuuze kwa maji baridi, kifute kwa siki na maji nusu kwa nusu, ukiangike penye upepo. Jua la asubuhi linatosha. La saa saba hukausha jani hadi likavunjika ukikunja. Wakati wa masika kisikae sakafuni wala kwenye ukuta wa matumbawe, maana kuta hizo huvuta unyevu kutoka chini.

Cha pili ni kifumbu, kichujio cha kusukwa. Anayekamua tui kwa kifumbu hahitaji lile la pakiti, ambalo pakiti yake ni karatasi, plastiki na alumini nyembamba vilivyogandishwa pamoja kiasi kwamba hapa hakuna wa kuvitenganisha. Nazi moja iliyokunwa, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua upate kasimile, yaani tui zito. Rudia kwa vikombe viwili upate tui jepesi. Lawama inayosikika sana ni kwamba kifumbu hunuka. Hunuka kwa sababu huoshwa vibaya. Kipindue, kipigepige kutoa machicha, kisuuze kwa maji baridi, halafu ndipo ukimwagie maji yanayochemka: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 25 hivi, kwa hiyo maji baridi peke yake huyaacha ndani ya msuko yakachacha. Sabuni ya unga yenye marashi isikikaribie, utaila kwenye wali. Kichujio cha nailoni cha dukani hufanya kazi hiyo hiyo, ila matundu yake hupanuka na machicha yakaanza kupita.

Mtungi wa udongo tunausifu kwa tahadhari. Hupoza maji kwa kuyavujisha kidogo kupitia ngozi yake hadi yakakauka kwa nje, na penye unyevu mwingi ukaukaji huo hupungua. Kwa hiyo uuweke kwenye upenyo wa upepo, kivulini, juu ya kigoda na sahani chini. Ukifungiwa kwenye pembe ya jikoni utakuwa chombo cha maji ya uvuguvugu tu. Mpya uloweke siku nzima, yamwage maji hayo, urudie. Usafishe kwa brashi na maji matupu kila wiki. Utando wa kijani ukiota nje, usugue kwa makumbi ya nazi, kwani vitundu vikiziba hakuna kupoa tena. Kikubwa zaidi: mtungi hausafishi maji. Yachemshe kwanza au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usubiri dakika 30. Udongo hula klorini haraka, kwa hiyo maji yasikae humo zaidi ya siku moja, na kata iwe na mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Wenye watoto wadogo wanaochota wenyewe, nunueni mtungi uliotiwa bomba chini.

Chupa ya stili ndiyo inayodanganya watu zaidi. Iliyogongwa 304 kitakoni ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na hiyo huhimili hewa ya bahari vizuri kiasi. Nyingi za bei nafuu ni 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi. Kwa hapa hutoa vidoa vya kutu shingoni, kwenye nyuzi za kifuniko. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba sumaku hainati. Jaribio hilo halitoshi, kwa kuwa 201 nayo kwa kawaida haishiki sumaku. Hata ya 304 usiiloweke kwa jiki, kwani klorini kali hutoboa ngozi yake. Juisi ya ukwaju au ndimu ioshwe siku hiyo hiyo, na mpira wa kifuniko utolewe kwa ncha ya kijiko kila wiki. Kuvu hujificha hapo.

Vitambaa vya kufunikia chakula vilivyopakwa nta ya nyuki, vinavyolenga watalii, vimetushinda. Nta hulainika kwa joto la mchana, kitambaa kikanata kwenye bakuli na kushika vumbi, wala huwezi kukiosha kwa maji moto. Kawa ya ukili hufunika sinia zima, hupitisha hewa, na nzi hapiti.

Dodoki badala ya sponji: zuri, lichemshe dakika 5 kila wiki, likianza kulegea litupe kwenye mbolea.

Na kwa muhogo wenye udongo, maembe au nazi mbichi, mwombe muuzaji akutie kwenye pakacha. Ni kuti bichi lililosukwa papo hapo. Likikauka na kukatikakatika, linawashia moto wa mkaa.